Rangi ya Kahawia

Ramani waliibandika kwa gundi ya unga
ukutani mwa ukumbi wa gombolola,
juu ya tangazo la chanjo ya polio.
Afisa mipango akaonyesha kwa rula:
kijani ni mashamba,
njano ni makazi machache,
kahawia ni makazi ya msongamano.
Bunashinyeka yote, toka kijitoni
hadi chini ya mwamba wa Wanale,
ilikuwa kahawia.

Mtu wa nyuma akacheka:
wenye kahawa tumepakwa kahawia,
na rangi haikubakiza hata mche.

Nilivaa miwani ya marehemu, nikapatafuta kwangu.
Nikapaona: viwanja vinane, kila kimoja
hatua kumi na mbili kwa kumi na tano.
Nambari 118 ni jiko langu na nusu ya zizi.
Nambari 119 amelala Kuloba, mume wangu,
na miguuni pake mtoto tuliyemzika bila jina.
Barabara mpya inampita Kuloba kifuani.

Mzee Gidudu aliuliza swali moja tu:
"Mjukuu wangu atasimama ua gani siku ya imbalu?
Kati ya kamba za nguo za wapangaji?"
Afisa akaandika. Aliandika kifupi mno.

Nami nikanyoosha mkono. Mimi si msemaji.
Nilisema habari ya chemchemi.
Bomba moja, upana wake kidole gumba.
Dumu la lita ishirini wakati wa mvua
hujaa kwa dakika nne, Januari dakika tisa.
Nimehesabu, nendeni nanyi mkahesabu.
Nyumba arobaini tunapanga madumu tangu jogoo wa kwanza.
Mkileta nyumba mia nne,
atakayechota mwisho atachota keshokutwa.
Na vyoo vyao mtavichimba wapi,
kama si juu ya bomba?

Makofi. Bwana Wabomba alipiga kuliko wote,
akasimama, akataja mababu, akataja urithi, akataja damu,
yeye aliyehamia mwaka juzi
na kiinua mgongo chake cha forodha,
akazungushia ukuta ekari tatu,
akaweka vigae vyekundu
na mbwa wawili wasiomjua jirani.
Karatasi ya pingamizi aliichapisha kwa pesa yake.
Tukatia sahihi. Tusiojua kuandika tukachovya dole gumba.

Ndipo aliposimama nesi Amongin, yule wa zahanati,
bado yumo ndani ya sare,
viatu mkononi kwa ajili ya tope.
Hakupaza sauti.
"Nimezalisha wangapi waliomo humu?
Usiku mkinipigia natoka mjini kwa boda,
na boda ikikataa mlima, kwa miguu.
Miaka miwili naomba chumba hapa, chumba kimoja.
Kila mlango umenijibu: hatupangishi."

Bati lilikuwa likilia kwa jua, tukalisikiliza.
Mlango mmojawapo ni wangu.
Nilimjibu hivyo mwezi wa Machi,
nikamfungia na mkungu wa ndizi,
kana kwamba mkungu una paa.

Afisa alikunja ramani, akasema maoni yamepokelewa.
*Yamepokelewa*, likaingia mkobani,
likapanda gari pamoja naye.

Dole langu silirudishi.
Si viwanja vinane. Si lami juu ya Kuloba.
Si mavi ya watu mia nne ndani ya chai yangu.
Hilo nitalisema hata mbele ya hakimu.

Ila jioni nilihamisha magunia ya kahawa
kutoka chumba cha uani, cha Wepukhulu mwanangu,
aliye Kampala na simu yake imezimwa.
Nikafagia. Nikaziba tundu la panya kwa matope.
Wino ulikuwa haujatoka kidoleni,
nikauacha kwenye komeo.

Kesho kwenye foleni ya bomba
litakuwepo dumu la arobaini na moja.
Dakika nne zaidi.
Nimehesabu.